Panzi wa peke yake anageukaje kuwa nzige wa makundi, na mbona Mbeya hatuwaoni?

Mwanafunzi wa Uyole

Shikamooni walimu, wakulima na wakubwa zangu wote. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Uyole, Mbeya. Klabu yetu ya sayansi imenipa kazi ya kwenda shule ya msingi jirani kuwaeleza wanafunzi wa darasa la tano na la sita habari za nzige wa jangwani. Nimesoma kiasi, lakini kuna mambo mawili ambayo nisingependa kuwaambia wadogo zangu kabla sijayaelewa vizuri.

Jambo la kwanza ni kwamba nzige wa jangwani anaweza kuishi peke yake, akiwa mtulivu asiyemdhuru mtu, kisha huyo huyo akabadilika na kuwa mmoja wa mamilioni wanaokwenda pamoja. Ni nini hasa kinachombadilisha? Je, ni njaa, ni mvua, ni upepo, au wana kiongozi anayewakusanya? Jambo la pili linahusu huku kwetu. Babu, ambaye kwao ni bonde la Ziwa Rukwa, alisimuliwa na wazazi wake kwamba zamani nzige walishuka mashambani hadi watu wakala mizizi, lakini nzige walioingia nchini mwanzoni mwa mwaka 2021 walionekana kaskazini, katika mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Je, nzige wa enzi za wazazi wa babu na hao wa kaskazini ni wadudu wale wale? Na kama wanaruka mbali kiasi hicho, mbona Mbeya hatuwaoni?

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukataa kufundisha jambo ambalo hujalielewa. Nitajibu swali lako la kwanza, kwa kuwa nimelifundisha mara nyingi na bado linanisisimua.

Ukimweka nzige mmoja wa jangwani mezani ukamchunguza, utamwona panzi: miguu sita, miwili ya nyuma ikiwa mirefu yenye mapaja manene ya kurukia, vipapasio vifupi, na mabawa mawili magumu yanayofunika mengine mawili laini. Hana kiungo ambacho panzi wengine hawana. Kinachomtofautisha na panzi wengi tunaowaona kwenye majani ya huku ni uwezo wa kuishi maisha ya aina mbili, na aina hizo hutofautiana kiasi kwamba wataalamu wa zamani waliochunguza nzige wa Ulaya na Asia waliwaandika kuwa wadudu wawili wenye majina mawili. Ni mwaka 1921 ambapo Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa katika Dola ya Urusi na kufanya kazi London, alieleza kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili, na baadaye ikathibitika kwamba nzige wa jangwani naye yuko hivyo.

Katika hali ya upweke, tunutu, yaani mtoto wa nzige ambaye hajaota mabawa, huwa na rangi ya kijani inayofanana na majani anayokula, na nzige mpevu huwa na rangi ya mchanga. Huwakwepa wenzake, hutembea polepole, na akipevuka huruka usiku. Katika hali ya kundi, tunutu huwa na rangi nyeusi na njano zinazoonekana kwa mbali, huwafuata wenzake badala ya kuwakimbia, na akishaota mabawa huwa wa rangi ya waridi, kisha akawa wa njano anapofikia umri wa kutaga. Huyu huruka mchana.

Sasa, mvua au njaa? Ni zote mbili, na waeleze wadogo zako kwamba zinakuja kwa mpangilio. Makazi ya kawaida ya nzige wa jangwani ni nchi kame zinazopata chini ya milimita 200 za mvua kwa mwaka, kuanzia Afrika Magharibi hadi India. Mvua kubwa ikinyesha huko, mchanga hulowa na majani huota. Jike huingiza tumbo lake ardhini, akilirefusha mpaka lifike kina cha sentimita 10 hadi 15, na hapo hutaga fungu la mayai lililozungushiwa povu linalokauka na kuwa kama kizibo. Mayai yanahitaji unyevu huo ili yaanguliwe, mara nyingi baada ya wiki mbili hivi. Tunutu hujivua ngozi mara tano au sita, na kwa kawaida baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo huwa ameota mabawa. Mazingira yakiwa mazuri, kila kizazi kinaweza kuwa kikubwa mara 20 kuliko kilichotangulia ndani ya miezi mitatu. Waambie watoto wapige hesabu wenyewe: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000, na hiyo ni kazi ya miezi tisa tu.

Hapo mvua imewafanya wawe wengi, lakini bado hawajawa kundi. Mvua inapokatika, majani hukauka na kubaki vichaka vichache vyenye kijani, na nzige waliozoea kukwepana hulazimika kurundikana kwenye vichaka hivyo hivyo kwa sababu hawana pengine pa kula. Wanagusana kila wanapojisogeza, na kugusana huko ndiko kunakowabadilisha.

Hili liligunduliwa kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuielewa. Watafiti wa Uingereza walichukua nzige waliokuzwa kila mmoja peke yake, wakawapapasa kwa brashi ndogo ya kuchorea sehemu mbalimbali za mwili, wakasubiri kuona ni mguso gani utakaobadilisha tabia. Waligundua kwamba kupapaswa mapaja ya miguu ya nyuma kwa saa chache kunatosha: nzige aliyekuwa akiwakimbia wenzake anaanza kuwafuata. Mwaka 2009 ilielezwa kwamba katika saa hizo kemikali iitwayo serotonini huongezeka kwenye neva zilizo kifuani mwa nzige, na kwamba ikizuiwa isifanye kazi, nzige habadiliki hata akipapaswa. Serotonini hiyo imo hata katika ubongo wetu sisi binadamu, ingawa kwetu ina kazi nyingine.

Tabia hubadilika kwa saa, lakini rangi na umbo huchukua muda mrefu zaidi, na mengine hukamilika katika vizazi vinavyofuata, kwa maana jike aliyeishi katika msongamano huzaa tunutu ambao wamekwisha kuelekea kwenye maisha ya kundi tangu wanapoanguliwa. Hata ubongo hubadilika: nzige wa kundi ana ubongo mkubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko wa nzige mpweke, ingawa mwili wake ni mdogo zaidi. Nzige wa kundi akitengwa, tabia ya upweke nayo huanza kurudi.

Afisa Ugani, Mbozi

Nashukuru, Mwalimu, kwa maelezo hayo. Mdogo wangu wa Uyole, mimi nitajibu swali lako la pili, kwa sababu linatugusa sisi tunaofanya kazi huku.

Yaelekea nzige aliyesimuliwa babu yako hakuwa nzige wa jangwani, bali nzige mwekundu, ambaye ni mdudu tofauti ingawa naye hubadilika kutoka upweke kwenda kundi. Makazi yake si jangwa. Yeye hupenda mbuga za nyasi zinazofurika maji wakati wa masika na kukauka kiangazi, na bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake halina mto wa kutolea maji, ni mojawapo ya mazalia yake makuu barani Afrika. Mengine hapa nchini ni mbuga za Iku na Katavi, bonde la mto Malagarasi na tambarare za Wembere, na kwa majirani yapo Zambia, Malawi na Msumbiji. Ukimkamata na kumkunjua mabawa, utaona wekundu kwenye mashina ya mabawa ya nyuma, na kwenye mabawa ya mbele kuna mistari ya kahawia inayokatiza. Hutaga mara mvua zinapoanza na huwa na kizazi kimoja tu kwa mwaka, tofauti na wa jangwani, ambaye huongeza vizazi kadiri mvua inavyoendelea kunyesha.

Baa kubwa la mwisho la nzige wekundu lilianza mwaka 1930 na kumalizika mwaka 1944, na lilienea karibu nusu nzima ya kusini mwa Afrika. Simulizi za wazazi wa babu yako zinaingia vizuri katika miaka hiyo. Tangu wakati huo mazalia hufuatiliwa, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na serikali pamoja na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu lenye makao yake Ndola, Zambia. Mwaka 2009 walipoongezeka tena Katavi, Rukwa na Malagarasi, walipuliziwa dawa itokanayo na kuvu anayeota ndani ya mwili wa nzige na kumuua taratibu, kwa wiki moja au zaidi. Naipenda dawa hiyo kwa sababu inalenga jamii ya panzi na nzige, na hilo ni jambo kubwa mahali kama Hifadhi ya Taifa ya Katavi, penye ndege, samaki na nyuki ambao hakuna anayetaka wafe pamoja na nzige.

Kuhusu nzige wa jangwani kutofika Mbeya, zipo sababu zinazosaidiana. Ya kwanza ni upepo. Kundi huruka likiwa limebebwa na upepo, na kwa siku linaweza kwenda kilomita 100 au hata 150. Upepo wa kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, ndio unaowasukuma kutoka Somalia na Ethiopia kuja Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ndiyo maana walionekana huko mwanzoni mwa mwaka. Kusi unapoanza, huwarudisha kaskazini kabla hawajateremka mbali. Sababu ya pili ni baridi, kwa kuwa nzige hawezi kuruka kabla mwili haujapata joto. Asubuhi kundi zima huota jua kwanza, na asubuhi za Uporoto au Makete zingewaweka chini kwa muda mrefu. Ya tatu ni mvua yetu nyingi na udongo wetu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mdudu anayetaka mchanga mkavu uliolowa kwa muda hapati huko mahali anapopendelea kutaga. Sisemi kwamba kundi haliwezi kamwe kupotea njia likafika, ila hapa si pake.

Nakuomba uwape wadogo zako pia mfano wanaoweza kuuona kwa macho yao. Viwavijeshi wa asili, wale wanaotokea ghafla kwenye mahindi na nyasi mvua zinapoanza, nao wana hali mbili. Wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au kahawia, hujificha chini kwenye majani na watu hawawatambui. Wakisongamana hugeuka weusi, hupanda juu ya mmea mchana kweupe, na huhama pamoja kutoka shamba hadi shamba. Wasichanganywe na viwavijeshi vamizi waliotoka Amerika, ambao walithibitishwa nchini mwaka 2017 na ambao hukaa ndani ya moyo wa mhindi mmoja mmoja. Mtoto wa Mbozi ambaye hajawahi kumwona nzige atakuelewa mara moja ukimwambia habari za kiwavi mweusi.

Mwanafunzi wa Uyole

Nawashukuru sana, Mwalimu na Afisa. Nimeelewa kwamba kugusana ndiko kunakowabadilisha, na nimeelewa kuhusu babu. Naomba kuuliza tena: wakishakuwa kundi, nani anaamua waelekee wapi? Wanafunzi wa darasa la tano lazima wataniuliza kama kuna mfalme wa nzige, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani yupo. Pia ningependa hesabu moja ya chakula wanachokula ambayo mtoto wa huku ataielewa.

Mkulima wa Mbarali

Naomba niongeze swali langu hapo hapo, kabla walimu hawajajibu. Sisi wa mpunga huku Usangu tunapambana na kwelea kwelea kila msimu, tunapiga madebe na kuweka watu wa kuamia. Je, madebe yanafaa kwa nzige? Na je, wanaliwa? Nawajua watu wa Kagera wanaokula senene kwa furaha, na ningependa kujua kama kundi la nzige linaweza kuwa kitoweo badala ya kuwa hasara tupu.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Mfalme hayupo, mwanangu, wala hakuna anayetangulia kwa sababu anajua njia. Tunutu wakiwa wachache mahali pamoja, kila mmoja huenda upande wake. Idadi ikizidi kiwango fulani, ghafla wote hushika mwelekeo mmoja, na kundi hilo huweza kutembea siku nzima. Sehemu ya sababu inaogopesha kidogo, lakini nadhani watoto wa darasa la sita wanaweza kuambiwa: nzige hulana. Anayesimama huumwa kutoka nyuma na mwenzake mwenye njaa, na anayekwenda mbele humfuata yule anayemkimbia. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba tunutu waliokatwa neva za tumboni, wasiweze kuhisi wanapoumwa kwa nyuma, walipoteza sehemu kubwa ya ari ya kutembea na wakaliwa zaidi. Kwa hiyo kundi ambalo kwa mbali linaonekana kuwa na umoja wa ajabu, kwa karibu ni umati wa wadudu ambao kila mmoja anahofia aliye nyuma yake na kumtamani aliye mbele yake. Wakishapata mabawa, upepo ndio unaoamua sehemu kubwa ya safari, na kwa kuwa pepo zinakokutana ndiko mvua hunyesha, nzige wanaobebwa nazo mara nyingi hufikishwa penye unyevu wa kutagia. Mdudu hakupanga hivyo, lakini mpangilio huo umeiwezesha jamii yake kuishi katika nchi kame kwa muda mrefu mno.

Hesabu ni hii. Nzige mmoja mpevu ana uzito wa gramu 2 hivi, na kwa siku anaweza kula majani yenye uzito sawa na wake. Kundi lililotanda kilomita moja ya mraba, eneo ambalo mtoto anaweza kulizunguka kwa miguu kwa chini ya saa moja na nusu, huweza kuwa na nzige milioni 40, na mara nyingine hata milioni 80. Chukua ile milioni 40, zidisha kwa gramu 2, utapata kilo 80,000, yaani tani 80 kwa siku moja. Pima kwa magunia ya kilo 100 ambayo kila mtoto wa huku ameyaona yakipakiwa: ni magunia 800. Yanayoliwa ni majani mabichi, si punje kavu, kwa hiyo usiseme ni magunia 800 ya mahindi, lakini uzito ni huo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba kundi la ukubwa huo hula kwa siku chakula cha kutosha watu 35,000. Na kundi la kilomita moja ya mraba ni dogo, kwa kuwa yamewahi kuonekana makundi yaliyotanda mamia ya kilomita za mraba.

Ukitaka kueleza jinsi mambo yanavyoanzia mbali, watajie mwaka 2018. Vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, viliingia kutoka baharini na kumwaga mvua katika jangwa kubwa la kusini mwa Rasi ya Arabuni, mahali ambapo hakuna barabara wala watu wa kutoa taarifa. Nzige wakazaliana vizazi vitatu bila kuonekana. Wakavuka kwenda Yemen, kisha Somalia na Ethiopia, na mwishoni mwa mwaka 2019 wakaingia Kenya, ambayo ilikuwa haijapata uvamizi mkubwa kiasi hicho kwa miaka 70. Nzige waliotufikia sisi mwaka 2021 ni wa uzao huo. Ningependa sana wanafunzi waone kwenye ramani kwamba mvua iliyonyesha Oman ilimfikia mfugaji wa Longido zaidi ya miaka miwili baadaye.

Afisa Ugani, Mbozi

Ndugu yangu wa Mbarali, madebe, moshi na kelele huweza kuwainua nzige kwenye shamba lako, lakini watashuka kwa jirani, na kundi likiwa kubwa, jioni watarudi kulala kwenye miti iliyo karibu. Kwelea kwelea naye husumbua kwa namna hiyo, ila yeye ana kiota anachokirudia na nzige hana. Wakati unaofaa zaidi kuwadhibiti ni wakiwa tunutu, kwa sababu hawajaota mabawa na wanatembea ardhini kwa vikosi vinavyoweza kufuatwa. Wakisharuka, inahitajika ndege ya kunyunyizia viuatilifu, na hiyo si kazi ya mkulima mmoja wala ya kijiji kimoja. Ukiona panzi wengi wa rangi moja wanaotembea kuelekea upande mmoja, usisubiri wapate mabawa. Mwambie afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo, umtajie mahali, rangi na kama wana mabawa.

Kuhusu kuliwa, nzige huliwa katika nchi nyingi na wana protini nyingi. Tatizo ni kwamba nzige wa kundi anaweza kuwa amepuliziwa sumu umbali wa kilomita 100 kutoka hapo ulipomkuta, na kwa kumtazama huwezi kujua. Kwa sababu hiyo watu hushauriwa wasiwale kabisa wakati wa uvamizi, na wasiwalishe kuku. Nasisitiza hili kwako, mdogo wangu wa Uyole, kwa kuwa watoto ndio wanaokuwa wa kwanza kuwakimbilia na kuwakamata.

Senene ni habari nyingine. Watoto wanaweza kumtofautisha wenyewe bila vifaa: vipapasio vya senene ni vyembamba kama uzi na ni virefu kuliko mwili wake wote, na jike ana kitagio kirefu kinachochomoza nyuma. Nzige na panzi wa kawaida wana vipapasio vifupi, visivyofika hata nusu ya mwili. Siku ya somo, waombe walete panzi wanaowapata kwenye majani ya shule, waweke kila mmoja kwenye chupa yake yenye matundu, na waanze kwa kupima vipapasio hivyo kwa rula.